Rogati, Mpunga na Sarafu Isiyoliwa

Ndoto hii si yangu. Ni ya Rogati Mlimbila, mfanyabiashara wa mpunga pale Ifakara, na alinisimulia kwa mdomo wake mwenyewe, tena bila mimi kumwomba, tukiwa tumekaa kwenye benchi la fundi baiskeli tukingoja gurudumu langu lizibwe. Kama kuna mahali nitatia chumvi, ni chumvi ya mkono wangu, msimlaumu yeye. Ila ile sehemu ya yule mwanamke mwenye sufuria tupu sikuiongeza hata neno, kwa sababu alipofika hapo Rogati alishusha sauti, akaangalia nyuma yake, na mimi pia nikajikuta nimeangalia nyuma yangu.

Kwanza mjue Rogati ni mtu gani. Kwa miaka kumi na sita amekula, amevaa, amejenga na amesomesha kwa kazi moja tu, nayo ni kungoja. Mwezi wa saba, mpunga ukishavunwa na kila mtu anauza kwa kuwa kila mtu ana shida, gunia huanguka mpaka elfu sabini. Hapo ndipo yeye na mkewe Eufrasia hununua, wakachanganya na wa kwao waliolima, wakajaza stoo, wakafunga kufuli. Wenzao wanauza, wao kimya. Ikifika Februari, mvua zimeshika, stoo za watu zimebaki na panya tu, gunia lile lile linatafutwa kwa laki na thelathini, na hapo wanafungua mlango taratibu, bila haraka, wakijifanya hawataki kuuza. Haikuwahi kukosa hata mwaka mmoja. Sasa mtu ambaye jambo limemwitikia mara kumi na sita utamwambia nini akuelewe? Alishaamini moyoni kwamba bei ina adabu zake, kwamba ikianguka ni lazima irudi, ni suala la kufunga mlango na kutulia.

Kwa hiyo mwaka jana alipoingizwa kwenye kundi la WhatsApp la watu wa sarafu za mtandaoni, zile wanazoziita kripto, hakuona kitu kigeni. Aliona mpunga. Aliangalia ule mstari wa bei kwenye simu, akaona umeteremka kidogo, akasema ahaa, huu ndio mwezi wa saba wao. Akatoa benki milioni kumi na nane, hela ambayo yeye na Eufrasia walikuwa wameitunza kwa ajili ya mashine ya kukoboa, akaimwaga yote huko. Eufrasia hakuambiwa. Kila alipouliza, jibu lilikuwa moja: "Mama Odilia, hela ipo, imelala." Ilikuwa imelala kweli, masikini, maana ilianza kuanguka wiki ya tatu na haikuamka tena. Kumi na nane ikawa kumi na mbili, kumi na mbili ikawa saba, na siku ninayoisimulia simu ilikuwa inaonyesha milioni nne na vichenji. Miezi minane Rogati alikuwa anaingoja Februari ya sarafu, na Februari ya watu wote ilishapita zamani.

Ungedhani mtu akifikishwa hapo atasema basi. Wapi! Kiongozi wa lile kundi, ambaye hakuna aliyewahi kumwona uso, alikuwa amewatumia ujumbe wa sauti kwamba sasa bei imefika chini kabisa, chini ambako haitaonekana tena, na mwenye akili anaongeza leo ili sarafu zikirudi zimkute amejaa. Rogati akapiga hesabu zake. Mwezi wa tisa Eufrasia atataka hela ya mashine, hilo halina mjadala. Akiongeza sasa, bei ikipanda mara tatu tu, atairudisha benki na hakuna atakayejua. Na cha kuongeza kilikuwa kimoja, yale magunia mia na arobaini yaliyokuwa stoo, ambayo ndiyo yalikuwa chakula chao, ndiyo ada ya chuo cha uuguzi cha binti yao Odilia, ndiyo mwaka wao mzima. Eufrasia alikuwa Mahenge kwenye msiba wa shangazi yake. Rogati akampigia Bwana Sanga, mnunuzi wa Makambako, wakaelewana kwa simu, elfu sabini kila gunia, lori la Fuso linakuja saa kumi jioni, malipo mkononi. Na kwa watu wa mpunga neno la kwenye simu ni neno. Ukiligeuza, jina lako linatembea stoo kwa stoo mpaka Makambako kabla hujamaliza kunywa chai.

Saa saba mchana chakula kilimkataa. Alisukuma sahani, akaingia stoo, akarudishia mlango, akapanda juu ya magunia ambako hupumzika kila siku ya joto, akajilaza chali na simu kifuani. Kila alipofumba macho alimwona Eufrasia amesimama mlangoni akihesabu ukuta mtupu. Alijiambia, Rogati, acha uoga, umefanya hivi miaka kumi na sita. Alijiambia mara ya pili. Ya tatu hakuimaliza, usingizi ulimchukua.

Akajiona anatembea kwenye nchi tambarare isiyo na mti wala nyumba, jua limesimama mahali pamoja halisogei, na chini vumbi laini linaloingia kwenye viatu. Mbele yake kulikuwa na njia, na watu wengi waliipita wakikimbia, kila mmoja amebeba kitu chake: huyu kitanda, huyu mbuzi begani, yule mama mlango wa nyumba uliong'olewa na bawaba zake. Hakuna aliyesalimia. Nyuma yake akahisi mtu amemshika shati. Akageuka, akamwona dada mwembamba, macho makubwa, kavaa gauni la kawaida, anahema kama aliyetoka mbali.

"Unanivuta nini wewe?" Rogati akafoka. "Ni nani wewe?"

"Hofu," akasema yule dada. "Miezi minane nakuita, kaka, unaongeza mwendo. Nimechoka mpaka magoti."

"Basi rudi ulikotoka. Kwetu tunasema mwanaume hatembei na wewe."

"Wanasema hivyo wengi. Mimi sijui njia, sitakudanganya kwamba naijua. Sijui sarafu zako zitapanda au zitashuka. Kazi yangu ni moja, kumshika mtu shati anapokaribia kutoa kitu ambacho hana cha pili. Ukiniambia unacho cha pili, nakuachia sasa hivi, uende na amani yako."

Rogati alivuta shati lake. Akajikung'uta, akaendelea mbele kwa hasira, na Hofu akamfuata pembeni, amekamata ncha ile ile ya shati. Wakafika kwenye ukumbi mkubwa usio na paa. Juu ya ukuta wake alikuwa amepanda kijana mwenye kipaza sauti, shingo imemtoka mishipa, anapiga kelele kama yuko mnadani: "Inarudi! Inarudi wapendwa! Nimeambiwa na mtu aliyeambiwa na wakubwa, wiki hii haiishi!" Huyo alikuwa Uvumi, na Rogati aliitambua sauti mara moja, maana ndiyo iliyokuwa inamwamsha kila alfajiri kwenye simu. Ndani ya ukumbi walikaa maelfu ya watu kwenye vigoda, wote wametazama ukuta wa mbele ambako mstari mmoja mwekundu ulikuwa unatambaa, unapanda nusu shubiri, unashuka shubiri mbili. Ukipanda, ukumbi wote unashangilia na kukumbatiana. Ukishuka, hakuna anayepumua. Vumbi lilikuwa limewafika wengine kwenye vifundo vya miguu, wengine magotini, na mzee mmoja lilikuwa limemfika kifuani na bado anashangilia.

Mlangoni alikaa mwanamke mnene, mzuri wa sura, kajitanda khanga mpya, na sauti yake ilikuwa ya upole mpaka Rogati akasikia machozi yanamlenga. "Karibu baba," akasema. "Pole na safari. Mimi ndiye Subira, unanijua, tumefanya kazi pamoja miaka kumi na sita. Kigoda chako hiki hapa pembeni yangu, nimekuwekea. Kaa, utulie, bei itarudi. Ulichoweka mwanzo kimekuwa kidogo, ndiyo sababu unaumia. Weka kingine juu yake, maumivu yatapungua."

Jamani, mtu aliyechoka akiambiwa kaa, atakataaje? Rogati alikaa. Na alipokaa tu alisikia faraja kubwa, kweli kabisa, faraja ya mtu aliyetua mzigo, na macho yake yakaenda kwenye ule mstari yakagandia hapo. Hajui alikaa muda gani. Mstari ulipanda, akashangilia na mgeni aliyekaa kushoto kwake, wakakumbatiana kama ndugu. Ukashuka. Ukapanda tena. Akasikia yule mwanamke anamnong'oneza sikioni, "Ufunguo wa stoo, baba, unao mfukoni," na mkono wake mwenyewe ukaanza kwenda mfukoni bila yeye kuutuma. Hapo Hofu alivuta shati kwa nguvu zote, kifungo kikakatika, kikadondoka kwenye vumbi. Rogati aliinama kukiokota, na akashtuka, maana miguu yake haikuonekana. Vumbi lilikuwa limemfika magotini.

Alipoinuka uso wake ulikuwa usawa na mikono ya yule mwanamke iliyopumzika mapajani. Akaitazama. Mikono laini, kucha safi, haina sugu wala chale ya mundu. Rogati ni mtu wa shamba. Mtu wa shamba hasomi uso, anasoma mikono.

"Mama," akasema, "tangu umefika hapa mlangoni, umekuwa ukifanya nini?"

"Nimekaa, baba."

"Na kabla ya hapo?"

"Nilikuwa nimekaa."

"Mimi na Eufrasia tukingoja Februari hatukai," Rogati akasema kwa hasira. "Tunageuza magunia yasishike unyevu. Tunaanika upya. Tunawinda panya, tunaziba paa, tunakwenda Mlimba kuulizia soko, na mwaka ule fukusi walipoingia tulipepeta gunia moja moja wiki mbili. Wewe si Subira. Wewe ni nani?"

Yule mwanamke hakukasirika. Alitabasamu vile vile, akajitanda khanga vizuri. "Ukaidi," akasema. "Lakini jina hilo watu hawalipendi, kwa hiyo nikaazima la mwenzangu. Kaa tu, baba. Umeshazama nusu, ukitoka sasa si utakuwa umepoteza bure?"

Rogati aliniambia kwamba hakuna maneno yaliyowahi kumwingia kama hayo, maana ndiyo aliyokuwa anajiambia kila siku kwa miezi minane, neno kwa neno. Akamtazama Hofu. Hofu alimpa mkono. Wakavutana, viatu vikabaki mle kwenye vumbi, ngozi ya visigino ikachubuka, na mzee wa vumbi la kifuani akampigia kelele, "Msaliti! Utajuta ikirudi!" Wakatoka nje, Rogati pekupeku.

"Sasa Subira mwenyewe yuko wapi?" akauliza akihema.

"Kwanza hutamwona, utamsikia," akasema Hofu.

Na kweli, walipovuka kituta walisikia mtu anapiga mayowe. Mbele yao kulikuwa na jaruba la mpunga uliokwisha kupevuka, na angani kwelea kwelea, wale ndege wala mpunga, wametanda, maelfu, na katikati ya jaruba mwanamke mfupi mwenye matope mpaka kiunoni anakimbia huku na huku anarusha mabonge ya udongo, anapiga debe, anatukana ndege kwa lugha zote anazozijua. Sauti ilikuwa imemkauka. Rogati akamwita, "Shikamoo mama! Nimekuja kukuuliza, je, sarafu zangu zitarudi?" Yule mwanamke hakusimama. "Marahaba! Unaniuliza mimi? Mimi nalinda kinacholiwa!" akajibu akikimbia. "Ndege hawa nawajua, nawafukuza. Mvua naijua, naingoja. Hicho chako sijui nikilinde kwa bonge gani! Muulize yule anayepita, yeye ndiye mwenye bei!" Akarusha bonge, likampita Rogati sikioni, akaendelea na kazi yake.

Aliyekuwa anapita ni mwanamke mrefu, mrefu kupita kawaida, kakonda, kabeba sufuria tupu kichwani bila kuishika. Hofu alipomwona aliacha shati la Rogati kwa mara ya kwanza, akarudi nyuma hatua tatu. Rogati akabaki peke yake njiani. Yule mwanamke akasimama mbele yake, akashusha sufuria, na ndani hamkuwa na hata punje.

"Rogati Mlimbila," akasema polepole. "Hatimaye tunaonana. Mimi ni Njaa."

Rogati akageuka akimbie.

"Usinikimbie, tumefanya biashara pamoja muda mrefu. Ulidhani ni nani aliyekuwa anakupandishia bei? Mwezi wa kumi na mbili nilikuwa naingia nyumba za watu, nafunua sufuria moja moja. Mwezi wa kwanza nakaa nao mezani. Mwezi wa pili wanakuja mlangoni kwako na laki na thelathini mkononi, na wewe unasema bei imerudi. Haikurudi yenyewe, Rogati. Niliileta mimi, kwa mkono, nyumba kwa nyumba. Mpunga huanguka na kupanda kwa sababu nina msimu, na msimu wangu haujawahi kukosa tangu watu waanze kula."

"Basi nisaidie," Rogati akasema, na alikuwa analia, hakunificha hilo. "Nina sarafu zimeanguka. Nipandishie na hizo, mara moja tu. Nirudishe hela ya mke wangu."

Njaa akamtazama. Rogati anasema hakuona ukatili kwenye yale macho, na hilo ndilo lililomtisha zaidi.

"Sarafu siili," akasema. "Hakuna mtoto aliyewahi kulia usiku kwa kuikosa. Yuko mwingine anayeila, anaitwa Tamaa, na yeye sina undugu naye. Tamaa hana msimu. Anaweza kuamka kesho asubuhi akala sarafu zote mpaka bei ikafika mawinguni, na wewe ukapata zako na zaidi. Anaweza kulala miaka mitano. Anaweza kuamka akatamani kitu kingine kabisa, zenu asiziangalie tena. Simjui, na anayekuambia anamjua anakudanganya. Kile ulichokwisha kuweka kwake kiache hapo, kikirudi kimerudi. Lakini mimi nimekuja kukuuliza jambo moja, maana ni desturi yangu kupiga hodi kwa mtu ninayemfahamu." Akainama, akaokota sufuria, akaiweka tena kichwani. "Mwaka huu nimesikia stoo yako itakuwa tupu tangu mwezi wa saba. Nikija kwa Eufrasia na Odilia, nipite mlango wa mbele au wa uani?"

Rogati alipiga kelele. Alitaka kusema la, usije, magunia bado yapo, lakini sauti ilitoka kama ya ng'ombe, ndefu, nzito, inarudiarudia, na akafumbua macho akakuta ni honi. Fuso lilikuwa limefika.

Aliruka kutoka juu ya magunia akakaribia kuvunjika shingo. Mlango wa stoo ulikuwa wazi. Makuli walikuwa na haraka, wakaona mlango umerudishiwa tu, wakasukuma, wakamkuta mwenye mali amelala, wakaingia kwa adabu, wakaanza upande wa pili wasimwamshe. Magunia thelathini na mawili yalikuwa yameshapanda gari. Bwana Sanga amesimama kwenye kivuli cha Fuso na kalamu sikioni, anakula machungwa. "Kaka Rogati! Umelala kama mgonjwa. Nimewaambia vijana wakuache."

Na hapo hapo simu ikatetema. Ikatetema tena, ikawa haiachi. Rogati akaitazama. Kundi lilikuwa linawaka moto, watu mia mbili wanaandika kwa mpigo. Imeanza! Nilisema mimi! Imepanda asilimia kumi na moja tangu saa sita! Asiyeongeza leo asitulilie kesho! Akafungua kwenda kuangalia zake, na ilikuwa kweli, mstari uliokuwa umelala miezi minane umesimama, milioni nne na vichenji imekuwa nne na nusu na bado inasogea mbele ya macho yake. Nawaambieni ukweli, hapo ndipo palikuwa pagumu kuliko ndoto yote. Mtu akikataa sarafu zikiwa zinaanguka, hiyo si ajabu. Hizi zilikuwa zinapanda. Alisema moyoni, je kama Tamaa ndiyo ameamka leo? Je kama ni leo? Na kuli wa mbele akapita karibu yake na gunia la thelathini na tatu begani.

"Shusha," akasema Rogati.

Kuli akasimama. "Bosi?"

"Shusheni yote. Siuzi."

Bwana Sanga aliacha kutafuna. Alikuja taratibu akijifuta mikono kwa leso, na uso wake ulikuwa umebadilika. "Kaka, nimetoka Makambako na gari la watu. Tulielewana. Neno lako ni neno, au siku hizi Ifakara mmebadilisha?"

"Tulielewana, Bwana Sanga, na nimekukosea. Nitasema hivyo mbele ya yeyote atakayeniuliza. Mafuta ya gari kuja na kurudi nitayalipa. Lakini mpunga siuzi."

"Sabini na tano."

"Hapana."

"Themanini! Mwezi wa saba huu, nani atakupa themanini?"

Rogati akamwangalia. "Na wewe unaupeleka wapi, Bwana Sanga? Kwa themanini utauuza leo kwa nani?"

Sanga akajikuna kidevu, akaangalia pembeni. Hakuwa mtu mbaya, alishindwa hata kudanganya. "Nina stoo," akasema. "Nitaufungia mpaka mwezi wa pili."

Rogati akacheka, kicheko kibaya chenye kilio ndani yake, mpaka makuli wakatazamana. Alikuwa amebakiza hatua moja amuuzie mtu mwingine kazi yake ya miaka kumi na sita, kwa bei ya kutupa, ili yeye akakae kigodani. Makuli wakashusha, wakinung'unika, na mkubwa wao akadai ujira wa kupakia na ujira wa kushusha, maana hakuna dini inayomlazimisha mtu kufanya kazi mara mbili kwa malipo ya mara moja. Rogati akawalipa vyote viwili bila kubishana. Sanga akaondoka bila kuaga, na jina la Rogati likaondoka naye. Mpaka leo kuna wanunuzi wa Makambako hawapokei simu yake, na yeye anasema wana haki.

Halafu akakaa kizingitini mwa stoo, akampigia Eufrasia. Simu iliita muda mrefu. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na nyimbo za msibani.

"Baba Odilia? Kuna nini? Mbona unahema?"

"Mama Odilia, hela ya mashine haijalala. Niliiweka kwenye kripto mwaka jana. Imebaki milioni nne na nusu. Leo nilitaka kuuza mpunga wote niongezee huko, gari lilikuja hapa, lilishaanza kupakia."

Rogati akasikia mkewe anatembea, nyimbo zinafifia, mlango unafungwa. Rogati anasema aliombea amtukane. Aliombea apige kelele, alie, amwite mwizi, chochote kile.

"Mpunga upo?" Eufrasia akauliza, kwa sauti ambayo Rogati hakuwahi kuisikia tangu amemwoa.

"Upo. Magunia mia na arobaini. Nimeyashusha yote."

"Yahesabu."

"Nimeshahesabu, mama Odilia."

"Yahesabu tena, mimi nikisikia."

Akasimama, akaweka simu kwenye kipaza sauti, akailaza juu ya gunia la kwanza, akaanza kuhesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, huku anayagusa kwa mkono, na kule Mahenge mkewe akawa anahesabu naye huku akilia, na hakuna kati yao aliyeacha mpaka walipofika mia na arobaini.